Aliyenyamaza Wakati wa Nyimbo

Mjini Machakos tulimwita Mtafsiri, ingawa hakujua hata lugha moja kati ya zile alizotafsiri. Kihindi hakukijua, Kichina hakukijua, na Kiingereza chake kilitosha kuulizia njia tu. Kazi yake ilikuwa kukaa kwenye kiti cha plastiki kando ya skrini, ndani ya ukumbi wa video uliopakana na kibanda changu cha chai nyuma ya soko, ameshika maiki, akiwaeleza watu kwa Kiswahili na Kikamba kile walichokuwa wakisema watu wa kwenye filamu. Au kile alichoona yeye kwamba walipaswa kusema. Kati yangu na yeye palikuwa na ukuta wa mabati peke yake, kwa hiyo filamu zake nilizisikia karibu zote na kuziona chache sana.

Sitaeleza alizaliwa wapi wala ni wa ukoo gani. Hakupenda kuulizwa, na mimi si karani wa chifu. Nitasema niliyoyaona na niliyoyasikia, na mkiona nimekuwa mkali mahali fulani mjue ni kwa sababu bado nina hasira naye. Hasira yenyewe ni kwa mtu niliyempenda kama ndugu yangu wa tumbo moja.

Alikuwa mrefu, mwembamba, na taulo dogo shingoni hata jua likiwa kali, kwa sababu aliamini koo likipigwa na upepo kazi imekwisha. Alikunywa chai ya tangawizi, bila maziwa wala sukari, moto wa kuunguza mtu mwingine. Ajabu yake ni kwamba nje ya ukumbi alikuwa karibu bubu. Mtu aliyeweza kusema mchana kutwa, akawa mwanamume, mwanamke, mtoto mchanga, farasi na mlango unaolia, alikuja kwangu akanyooshea chapati kidole na kungoja. Nikimuuliza kama mdomo ameusahau nyumbani, alitabasamu tu akagusa taulo lake. Siku moja moja alijibu kwamba sauti ni ya kazi, haichezewi. Basi nilimpa chapati yake, nikaendelea kugombana na wengine.

Kumbe alikuwa anasikiliza. Pale kwangu kila mtu huacha mzigo wake, wabebaji wa sokoni, watu wa boda boda, akina mama waliotoka kuuza nyanya na vikapu vya kiondo. Mtu akisema jambo lenye utamu au uchungu, Mtafsiri aliinua macho kidogo kutoka kwenye kikombe. Wiki hiyo hiyo jambo lile lilitoka kwenye kinywa cha mtu wa Hong Kong. Mimi mwenyewe niligombana na wifi yangu juu ya sufuria aliyoazima kwangu na hakuirudisha, nikayasema yote pale kwa hasira. Siku chache baadaye nikasikia kupitia mabati jenerali mmoja akimwambia mfalme wake arudishe sufuria ya watu pamoja na kifuniko chake. Ukumbi ulivunjika mbavu. Na mimi nilicheka, nikamwongezea chapati nyingine ya bure.

Kwenye filamu zake kila kijana mwema aliitwa Mutua. Kila mama mkwe mbaya alitoka Tala. Mfanyabiashara mmoja wa Tala alikuja kulalamika kwamba wateja wake wanamcheka mke wake, na Mtafsiri, ambaye alikuwa mtu wa amani, akamhamishia mama mkwe Konza na kumpa ng'ombe wengi. Mito yote ilikuwa Mto Athi. Miji yote mikubwa ilikuwa Nairobi, hata ile yenye theluji. Hakuna aliyemuuliza. Watu walikuwa wamekuja kujiona, na yeye aliwapa walichokuja kutafuta.

Kitu kimoja tu hakukubali kukigusa, nacho ni nyimbo. Watafsiri wengine wa filamu, na nimewasikia wengi, wimbo ukianza wanaurusha mbele, au wanaongea juu yake wakisalimia mashabiki wao wa mitaa fulani. Watu wa ukumbini hawana subira na nyimbo, wanataka kujua nani atapigwa. Yeye hakurusha hata mmoja. Wimbo ukianza aliweka maiki kwenye goti, akasema kwa sauti ya kawaida, isiyo ya kazi, "Tulieni sasa. Watu wanaimba." Wakati mwingine walimpigia mbinja. Mwenye ukumbi alimwonya mara nyingi. Aliniambia mimi mara moja kwamba maneno ya watu anaweza kuyabuni kwa sababu kila mtu husema uongo kidogo akiongea, lakini anayeimba hawezi kusemewa na mtu. Sikumuelewa vizuri, ila nilipenda kwamba nyimbo zilinifikia nzima nikiosha vikombe.

Ndivyo nilivyoijua ile filamu. Aliileta kutoka Nairobi, imetiwa kwenye kasha la filamu nyingine, haina jina tunaloweza kusoma wala maandishi chini. Sura zilikuwa za Kihindi na si za Kihindi. Hakuna aliyepigwa ndani yake, hakuna gari lililowaka moto, na siku ya kwanza vijana waliondoka kabla ya katikati. Waliobaki ni akina mama, na akina mama ndio walioifanya iwe filamu ya Jumapili, baada ya kanisa.

Niliingia kuiangalia kwa sababu ya ngoma zake. Kulikuwa na ngoma inayopigwa kwa fimbo upande mmoja na kwa kiganja upande mwingine, na pembe ya mnyama inayolia juu yake, na nilipoisikia kupitia mabati nilimkumbuka bibi yangu kule Kalama alipokuwa akicheza ngoma za kuombea mvua. Filamu yenyewe ilikuwa ya nyumba moja kando ya mto mkubwa kama bahari, mto unaokula ardhi. Kila msimu ukingo unaporomoka, ua wa nyumba unapungua. Kuna baba mzee aliyekuwa mpiga ngoma, ana wana wakubwa wanaotaka kuuza na kuhama, na mmoja wao anaondoka kwa hasira. Kuna mke wa mwana wa kwanza, mwanamke mpole anayefuma kitambaa kwenye kitanda cha kufumia, chini ya nyumba yao ya miguu mirefu. Mama mkwe hampendi. Mahali fulani katikati yule mwanamke anaacha kufuma, anamtazama mkwewe, anasema maneno machache, kisha wimbo unaanza.

Hapo, kwa miaka yote, Mtafsiri alimfanya aseme kwamba amechoka na anarudi kwao. Inatosha, watu waliridhika.

Sasa lazima nimtaje Mwende. Alikuwa mtoto wake wa pekee, na mama yake alifariki Mwende akiwa bado shule ya msingi. Mtafsiri alimlea peke yake katika chumba kimoja mtaa wa nyuma. Mtoto alifanyia kazi za shule kwangu, akalala nyuma ya skrini filamu zikiendelea, na akakua akijua kuigiza sauti zote za baba yake. Kwa Mwende, Mtafsiri hakuwa bubu. Niliwasikia wakipita asubuhi wakibishana na kucheka kama watu wa rika moja. Alipoolewa Kangundo, mzee alikaa wiki nzima akipinga kwamba analia, akisema ni tangawizi.

Mwende alirudi Jumapili moja asubuhi na begi moja. Mimba zake zilikuwa zimetoka, moja baada ya nyingine, zikiwa kubwa, na mama mkwe wake alikuwa amemwambia mbele ya wageni kwamba anakula bure. Hayo aliyasema kwa baba yake mle chumbani, mlango umefungwa. Mimi sikuwepo, niliyajua baadaye. Mchana alikuja kibandani, bado na begi lake, macho yamevimba, nikampa chai ya maziwa na sikumuuliza kitu. Alikaa pale na mgongo wake karibu kugusa mabati. Upande wa pili filamu ya mto ilikuwa imeanza, na tukawa tunasikia baba yake akifanya kazi yake vizuri kama kawaida.

Ikafika mahali pa yule mwanamke kuacha kufuma. Kukawa na kimya kirefu kuliko siku zote. Kisha sauti ya Mtafsiri, ile sauti yake nyororo ya kike, ikasema:

"Nimechoka kuzika watu wasio na majina."

Ukumbi mzima uliguna kama mtu mmoja aliyechomwa. Wimbo ukaanza, na chini ya wimbo tulisikia akina mama wakilia. Mwende aliweka kikombe mezani polepole sana. Nilimwona akitazama mikono yake na nikajua, bila kuambiwa na mtu, maneno yale yalitoka wapi. Alichukua begi lake chini ya meza yangu na akaelekea stendi. Nilimwita, hakugeuka.

Baba yake alitoka filamu ilipoisha, akinitafuta kwa macho, jasho linamtiririka. Alikuwa ameshaambiwa kwamba binti alikuwa kwangu. Alisema tu, "Mama Kioko, ameenda njia gani?" Nilimwambia. Nilimwambia na mengine pia, ambayo siwezi kuyaandika hapa, na alisimama akayapokea yote. Alisema hakukusudia. Alisema sura ya yule mwanamke kwenye skrini ilikuwa sura ya Mwende ya asubuhi ile, na mdomo wake ulimtangulia. Namwamini. Mtu aliyezoea kuokota maneno ya watu kila siku, siku moja huokota ya mwanawe asijue ameshayatia mfukoni. Lakini kuamini si kusamehe, na mimi si niliyekosewa.

Akina mama walirudi Jumapili iliyofuata na wenzao. Ndani ya mwezi sentensi ile ilikuwa kila mahali. Wauzaji wa nyanya waliisema wakitupa zilizooza. Vijana wa boda boda waliichora kwenye kinga za matope za pikipiki zao. Ilifika Kangundo, bila shaka, na mama mkwe akajua ni nani anayesemwa, na mume akatuma watu kurudisha vitu vya Mwende kwa baba yake kwa kuwa ameaibisha ukoo. Mtafsiri alivikuta mlangoni, godoro na sanduku la vyombo. Simu ya Mwende ilikuwa haipatikani.

Aliacha kuionyesha filamu ile. Mwenye ukumbi akamlazimisha. Akairudisha na kumfanya yule mwanamke aseme maneno ya zamani, kwamba amechoka anarudi kwao, na ukumbi ukasema sentensi ya Mwende kwa pamoja, wote, kwa sauti, wakimsahihisha. Nilisikia kupitia mabati. Alikuja kibandani baadaye akakaa bila kunyoosha kidole kwenye chochote. Nilimwekea chai na ikapoa pale mbele yake. Sijawahi kuona mtu anayetaka kurudisha neno mdomoni kiasi kile.

Katika siku hizo ndipo yule mgeni alipokuja. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, kijana wa nje aliyekuwa na kazi ya muda kwenye ujenzi wa Konza, na mtu fulani alimwambia kuna ukumbi Machakos unaonyesha filamu ya watu wanaofanana naye. Aliketi nyuma. Wakati wa mazungumzo alicheza na simu yake, maana hakuelewa neno, lakini nyimbo zilipoanza, na Mtafsiri alipoweka maiki kwenye goti, kijana aliinama akafunika uso. Filamu ilipoisha alikuja kwangu na Mtafsiri, wakaongea Kiingereza cha kuvunjavunja. Alisema si Kihindi. Ni lugha ya kwao, Assam, mbali sana upande wa mashariki ya India, kwenye mashamba ya chai, na mto ule anaujua, ulikula shamba la mjomba wake. Alishika mkono wa Mtafsiri kwa mikono yake yote miwili akamshukuru kwa kuziacha nyimbo.

Mtafsiri alimuuliza jambo moja tu. Alitaka kujua wimbo wa mwisho unasema nini, ule ambao mzee anauimba peke yake ukingoni na ngoma yake. Sisi tulijua tayari: kwa miaka yote Mtafsiri alikuwa ametangulia kusema, kabla ya wimbo ule, kwamba familia imepata ardhi mpya na mzee anashangilia. Watu walikuwa wanapiga makofi. Kijana alifikiri kidogo. Akasema hapana, mzee hashangilii. Anamwimbia yule mwana aliyeondoka kwa hasira. Anamwambia mto umechukua ua, umechukua miti ya popoo, kesho utachukua nyumba, lakini njia ya kurudia bado ipo, aje kabla haijachukuliwa na yenyewe.

Kijana alipoondoka Mtafsiri alinigeukia.

"Mama Kioko," akasema, "nimekuwa nikiwaambia watu washangilie."

Nilifuta meza ambayo ilikuwa safi.

Koo lilianza kumsumbua mwaka huo. Kwanza sauti ilikwaruza, akaongeza tangawizi. Kisha sauti za kike zikamkataa, na filamu zake zikawa na wanaume watupu, na watu wakatania kwamba Mutua siku hizi anaoa Mutua mwenzake. Alitania nao. Hospitalini walimwambia aache kuongea, hakuacha. Walipomwita tena walimwambia ni uvimbe mbaya, lazima wakate, na kwamba wakikata watachukua sauti pamoja nao. Alirudi kutoka huko akanieleza kwa utulivu, kwa maneno machache, kama anayeeleza filamu isiyomhusu. Halafu akashika ukingo wa meza yangu kwa nguvu hadi vikombe vikagongana. Kifo hakukiogopa, alisema. Aliogopa kunyamazishwa kabla hajasikiwa na mtu mmoja.

Nilidhani sasa atamtafuta Mwende. Kwa nini asimtafute? Lakini yeye alikuwa Mtafsiri, na alijua njia moja tu ya kuwafikia watu. Alienda Tala kwa kijana anayerekodi filamu zilizotafsiriwa na kuziuza kwenye flashi, akairekodi filamu ya mto upya, yote, kwa sauti ile iliyobaki. Mwana aliyeondoka kwa hasira akamgeuza binti. Akampa jina, Mwende, waziwazi. Na wimbo wa mwisho ulipoanza, hakuweka maiki kwenye goti. Kwa mara ya kwanza maishani mwake aliongea juu ya wimbo. Nimeusikia. Ngoma iko chini, pembe inalia, mzee anaimba kwa lugha yake, na juu yake sauti ya Mtafsiri inayokatika inamwomba Mwende msamaha, inamwambia chumba ni kile kile, kufuli ni ile ile, arudi.

Nililia, kweli. Kisha nikamwambia ni ujinga.

"Atasikia," alisema. "Inauzwa mpaka Mlolongo. Watu wanatumiana kwa simu. Atasikia tu."

"Na akisikia?"

"Atakuja."

Basi akaanza kungoja. Alikuja kibandani kila asubuhi akakaa akitazama upande wa stendi. Kila msichana mwenye begi alimwinua kidogo kutoka kwenye benchi. Alikuwa amekonda, taulo linamzunguka shingo mara nyingi kuliko zamani, na hakuweza tena kumeza chapati, nikawa nampa uji. Siku ya operesheni ilikuwa imeshapangwa na ilikuwa inasogea. Watu waliokuja kunywa chai walimpongeza kwa filamu mpya. Walisema imewaliza. Alikubali kwa kichwa na kuendelea kutazama barabara, na kumtazama kulinichosha roho.

Mke wa kijana mmoja wa boda boda ndiye aliyetuambia. Alifanya kazi kiwanda cha nguo Athi River, na Mwende yuko huko, laini ya kushona mifuko ya suruali. Yuko huko siku zote hizi. Mtafsiri akasema, kwa ile sauti iliyobaki nusu, kwamba basi hajasikia bado, akisikia atakuja mwenyewe. Hapo ndipo nilipomfokea mbele ya wateja. Nilimwambia operesheni ni wiki ijayo, na kama anangoja umati umpelekee ujumbe kwa mwanawe mwenyewe basi afadhali wakate tu. Nilizima jiko, nikafunga kibanda mchana, jambo ambalo sijawahi kulifanya isipokuwa kwa mazishi, nikamshika mkono.

Tulifika langoni wakati wa mapumziko ya chakula. Wafanyakazi walikuwa wamekaa kwenye nyasi kavu kando ya ukuta, wengi vijana, na sahani za plastiki na simu. Malori ya barabara ya Mombasa yalikuwa yanapita nyuma yetu bila kukoma. Mlinzi alituma mtu kumwita. Alikuja akiwa na aproni ya buluu, vipande vya uzi vimemng'ang'ania mikononi, amenenepa kidogo, amekata nywele. Alitutambua kutoka mbali, akapunguza mwendo, lakini hakurudi nyuma.

Alinisalimu mimi kwanza. Aliniuliza habari ya Machakos, habari ya Kioko. Kisha akamgeukia baba yake, na nikaona akiona jinsi alivyokonda. Uso wake ulitaka kulegea. Akauzuia.

"Niliisikia," akasema. "Ilichezwa kwa simu ya msichana mmoja, hapa hapa kwa nyasi, tukikula. Wote walilia. Mimi nilikuwa nimeshika sahani, sikujua niiweke wapi."

Mtafsiri alinyoosha mkono. Mwende hakuushika.

"Sasa wananiuliza, Mwende wa hiyo filamu ni wewe? Nimekataa. Nimekataa mpaka nimechoka. Ile ya kwanza niliondoka Machakos. Hii nitaenda wapi tena?" Alikuwa anaongea polepole, bila kupaza sauti, na hilo lilikuwa baya kuliko kelele. "Mimi nilikuambia mlango ukiwa umefungwa, wewe na mimi. Ukaniambia pole na dunia yote ikisikiza. Kwa nini hukuniambia mimi? Mimi tu?"

Nilimwambia Mwende kwamba baba yake ni mgonjwa, kwamba wiki ijayo wanamkata koo na sauti inakwenda. Alisema hakujua. Alirudia kwamba hakujua, akatazama chini, akaanza kutoa vipande vya uzi mkononi kimoja kimoja. Wenzake kwenye nyasi walikuwa wameanza kutuangalia, na mmoja aliinua simu kidogo. Nilisogea nikasimama kati yao na Mtafsiri, mwili wangu ni mpana, unafaa kwa kazi hiyo.

Mtafsiri alianza kusema. Hakikutoka kitu cha kusikika, lori lilikuwa linapita. Alingoja lipite, likaja lingine. Alimwashiria Mwende kwa kidole asogee, naye akasita, kisha akasogea, akainama hadi sikio lake likawa karibu na mdomo wa baba yake. Niliona midomo ikienda. Hayakuwa maneno mengi. Nilikuwa nimesimama karibu ya kutosha kuwagusa wote wawili na sikusikia hata moja.

Kengele ya kiwanda ikalia. Watu wakainuka kwenye nyasi, wakakung'uta nguo, wakaanza kuingia langoni. Mlinzi akamwita Mwende kwa jina la laini yake. Mwende alibaki vile vile ameinama.

"Sema tena, Baba," akasema.

Mzee alifungua mdomo. Hewa ikatoka, hewa tupu. Akafunga, akameza kwa shida, akafungua tena, na mishipa ya shingo ikasimama kwa nguvu alizotia, na hakuna kilichotoka. Alinitazama mimi kana kwamba ningeweza kumsemea, na mimi sikujua alichokuwa amesema. Mlinzi aliita tena, safari hii kwa ukali, na mlango mdogo wa lango ukaanza kufungwa. Mwende hakugeuka. Alikuwa ameshika bega la baba yake, amefumba macho, sikio lipo pale pale, anangoja.